Hesabu ya Fazi ya Pili

Daftari lilikuwa limefungwa kwa waya, si kwa kamba. Waya wa shaba, umezungushwa mara tatu, ncha zake zimekunjwa kwa ndani zisimchome mtu. Nilipouona tu nikajua ni mkono wa nani, hata kabla mjane hajasema neno. Ilikuwa siku ya hitima ya arobaini ya Fundi Asumani, nyumbani kwake Kindu, upande wa Kasuku. Mazishi yalikuwa yamenipita, kwa hiyo hii niliapa haitanipita. Nilishuka kutoka Kalima kwa pikipiki, matope mpaka magotini, mgongo unaniuma kama nimepigwa. Mama Salima, mjane wake, alinivuta nyuma ya nyumba, kwenye moshi wa masufuria ya wali, akaniwekea daftari mapajani. "Hii njo alikuwa anaandikaka," akasema. "Kila mwaka, siku ileile moja. Anafunga mulango, anaandika, anatoka macho mekundu. Nikimuuliza, anasema hesabu inamukatalia. Weye njo muntu wa umeme, Riziki. Unisomee. Ni hesabu gani ya kuliza muntu muzima?" Niliificha mikono yangu chini ya kitenge. Siku hiyo moja ya kila mwaka niliijua. Hata mimi nilikuwa nayo, na hata mimi nilikuwa nafunga mlango.

Ya wazazi wangu na ya utoto wangu siyaandiki hapa. Wakitaka kitabu nitawakuta mbinguni tukiandike pamoja. Naandika mwaka mmoja tu, mwaka ambao vita vilitufungia Kindu kama kuku kwenye tenga. Garimoshi lilikuwa halilii tena. Chumvi iliuzwa kwa kijiko cha chai, na mwenye kipande cha sabuni alikigawa kwa uzi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na diploma ya umeme ambayo wajomba zangu waliicheka, wakisema nimesomea kubadilisha ampuli, yaani balbu. Fundi Asumani hakucheka. Alinipokea kwenye karakana yake nyuma ya hospitali, chumba chembamba chenye harufu ya mazuti, yaani dizeli, na mpira ulioungua. Siku ya kwanza alinitengea nusu ya wali wake na maharagwe yasiyo na chumvi, na mawese juu yake mekundu. Akasema, "Kula, Mamzeli. Njaa haijui kujumlisha." Tangu siku hiyo tulikula sahani moja kila adhuhuri, yeye upande wake na mimi upande wangu. Jina lake la kuniita lilibaki hilohilo, Mamzeli, jina la msichana asiyeolewa, hata nilipozaa watoto wanne.

Kwa asiyejua kazi yetu nitaeleza mara moja, halafu sirudii. Hospitali ilikuwa na grupe moja, yaani jenereta, na umeme wake ulitoka kwa njia tatu ambazo tunaziita fazi. Kila fazi ilibeba amperi ishirini, basi. Juu ya zote tatu palikuwa na kikatio kimoja tunachokiita dizhonteri, cha zamani, kimechoka. Fazi moja ikizidiwa dakika chache, dizhonteri inapata joto, inaanguka, na hospitali nzima inazimika. Kwa hiyo kazi ya fundi ni kugawa. Chumba hiki kiwe fazi hii, mashine ile iwe fazi ile, kila kitu kiandikwe kwenye karatasi na karatasi ibandikwe ndani ya mlango wa tablo, lile sanduku la chuma la umeme. Chini unajumlisha. Atakayekuja kesho na pasi yake au friji yake atafungua mlango, atasoma, ataona ni fazi gani yenye nafasi. Shida iko kwenye kujumlisha. Ukichukua namba zilizogongwa kwenye mashine, ukazijumlisha zote, utasema umeme hautoshi hata pale unapotosha, maana vitu vyote haviwaki kwa wakati mmoja. Unapaswa kujua vingapi vinawaka pamoja, na saa ngapi, na hilo hakuna kiwanda kinachokugongea.

Ndiyo sababu Fundi Asumani alikuwa anakaa vyumbani. Sijaona fundi mwingine wa namna hiyo mpaka leo. Kabla ya kuandika namba moja alichukua kigoda chake na daftari, akaenda kukaa asubuhi nzima kwenye duka la dawa, kesho yake kwenye chumba cha upasuaji, keshokutwa kwenye wodi ya wazazi. Manesi walimtania: "Fundi, leo unamuchumbia nani?" Yeye alijibu kwa maswali yake. Pasi munapigaka siku gani? Mulango wa friji munafungua mara ngapi? Mashine ya oksijeni inapumzika saa ngapi? Kwa fazi ya pili, ambayo ilibeba wodi ya wazazi na duka la dawa, namba za mashine zilisema amperi kumi na sita. Fundi alikaa humo siku nne, akatoka na kumi na moja. "Chumba ni kama muntu," akaniambia. "Usipokaa naye hutajua anakulaka nini." Kisha akaniandikisha mimi kumi na moja ile kwenye karatasi ya mlango, kwa mkono wangu, na akanipa sheria yake ya pekee: "Kisichoandikwa njo kinauaka." Alisema hivyo akipangusa mawese kwenye ndevu zake, nami niliitikia kama mtu anayeambiwa funga mlango ukitoka.

Ukuta wa karakana ulipakana na chumba cha kufulia mashuka, na huko ndiko walikokaa wanawake waliouguza wagonjwa wao. Niliwasikia kutwa nzima. Walisemana, walichekana, walihesabu nani ameona mkimbizi kutoka Pangi na kwao wamebaki wangapi. Kisha kicheko kilipungua, kwa sababu ya kuni. Za karibu zilikuwa zimekwisha, na waliozifuata mbali wengine hawakurudi. Mama Feza alikuwa anamuuguza bintiye Zaina, aliyelazwa na mimba inayomsumbua. Alikuwa mtu wa mdomo, mdomo usiolala. Siku moja alitoka alfajiri kutafuta kuni akarudi jua likiwa utosini, bila kuni, bila viatu, amevaa kitenge cha mtu mwingine. Siku mbili hakusema neno. Siku ya tatu nilisikia mwenziwe anamuuliza kama huko kuni hakuna. Akajibu, "Kuni iko. Njia njo haiko." Niliweka koleo chini. Nililia pale karakanani kwa hasira, na sioni haya kusema.

Kesho yake nilifanya nilichofanya. Hospitali ilikuwa imekataza kupika kwa umeme, na Fundi aliitetea amri hiyo kwa nguvu zote. Lakini kabatini palikuwa na resho, jiko dogo la umeme, la daktari mmoja aliyekimbia. Nililipima: amperi saba. Nikafungua mlango wa tablo, nikasoma karatasi yetu. Fazi ya kwanza imejaa, ya tatu inakaribia, ya pili iko kumi na moja. Kumi na moja na saba, kumi na nane. Inaingia, na mbili zinabaki! Nilijipongeza, mjinga mie. Fundi alipokwenda kuswali nilivuta waya kutoka laini ya wazazi mpaka nyuma ya rundo la mashuka, nikafunga soketi, nikamwita Mama Feza. "Chungu kimoja kimoja, mama. Na musimwambie muntu." Aliangalia koili likiwa jekundu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile mdomo wake ukarudi. "Muntu? Hata Mungu tutamwambia kidogo kidogo," akasema, na wenzake wakaziba vinywa kwa kucheka. Kwenye karatasi ya mlango sikuandika. Nilitaka kumwambia Fundi mwenyewe, kwa upole, wiki ikiisha, akishaona kwamba hakuna kilichoanguka.

Zaina alijifungua mapema, mtoto wa kiume, miezi saba, mdogo kiasi kwamba nesi alimbeba kwa mkono mmoja. Wakamweka kwenye mashine ya oksijeni. Siku ya tatu, adhuhuri, Fundi na mimi tulikuwa tunakula. Nakumbuka kulikuwa na sombe, yaani kisamvu, siku hiyo, na kipande cha samaki ambacho kila mmoja wetu alikuwa anamsukumia mwenzake. Ghafla sauti ya grupe ikabadilika. Fundi yeyote anaijua sauti hiyo: injini inaruka juu, nyepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Dizhonteri imeanguka. Tuliruka sote wawili. Na hapa nitasema kitu ambacho sijawahi kukiandika. Tablo ilikuwa mbele yetu, hatua kumi. Mimi sikukimbilia tablo. Nilikimbilia chumba cha mashuka, kung'oa resho kabla Fundi hajaliona. Naye hakukimbilia tablo. Alikimbia upande mwingine, kwenye ukuta wa nyuma, na nilidhani anakwenda kuangalia mazuti.

Mama Feza alikuwa ameshaling'oa. Alikuwa amesimama katikati ya chumba na sufuria ya uji wa mchele miguuni, uji wa Zaina, resho amelifunika ndani ya kitenge likiwa bado la moto. Nilisikia harufu ya nguo kuungua, na harufu nyingine. Hakulia. Aliniambia tu, "Kimbia kule, mwanangu. Miye niko." Nilipofika kwenye tablo Fundi naye ndiyo alikuwa anafika, anahema, vidole vimejaa udongo. Tukasukuma dizhonteri juu, ikaanguka. Ilikuwa na joto, haikushika. Tukaipepea kwa kipande cha katoni kama watu wanaochoma mahindi, tukasukuma tena, ikaanguka tena. Ukutani tulimsikia nesi anahesabu pumzi za mtoto kwa sauti, na Zaina anasema, "Muhesabu, muhesabu, musiache." Iliposhika, nesi alikuwa ameacha kuhesabu. Alasiri ilikuwa haijaadhiniwa.

Hakuna aliyetuuliza kitu. Mwaka ule watu walikufa kwa mambo mengi, na umeme kukatika lilikuwa dogo kati ya hayo. Ilisemwa dizhonteri ilikuwa mbovu, ikaishia hapo. Mimi niliondoa soketi jioni ileile. Ningemwambia Fundi, wallahi ningemwambia, lakini ningeanzaje bila kumtaja Mama Feza? Ningesema kwamba mkono uliochomeka lile resho ni wa bibi wa yule mtoto, aliyekuwa anampikia binti yake uji? Nikajiambia: huyu mama ameshachukuliwa mengi, hili nitalibeba mimi. Tukaendelea kula sahani moja, Fundi na mimi, tukiwa hatuangaliani. Njia zilipofunguka nilihamia Kalima, nikafunga umeme kwenye nyumba za wafanyabiashara wa mawe ya madini, nikazeeka. Kila mwaka, siku hiyo, nilifunga mlango nikaandika kumi na moja na saba, kumi na nane. Kumi na nane si ishirini. Haikupaswa kuanguka. Nilijua haikupaswa kuanguka, na bado nilijua ni mimi, maana hakukuwa na kitu kingine kwenye fazi ile.

Basi, pale nyuma ya nyumba, nilifungua waya wa shaba. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maandishi yake madogo yaliyolala: "Fazi ya pili. Kongelateri ya mukubwa wa jeshi. Amperi 4. Isiandikwe kwa mulango." Nilisoma mara tatu: kongelateri, friji la kugandisha barafu. Nyumba iliyopakana na ukuta wa hospitali alikaa humo mkubwa mmoja wa askari, sote tulimjua, na sote tulijua anakunywa bia baridi katika mji usio na barafu. Hatukuuliza. Mama Salima aliposikia neno kongelateri alishika kichwa. "Walikuja hapa," akasema. "Walimwambia: unatuwekea waya, ao tunabeba grupe yote. Alizika ule waya peke yake, chini ya ukuta. Akaniapisha." Ndipo nilipouelewa ule udongo kwenye vidole vyake. Alikuwa amekwenda kufukua na kukata. Alifungua mlango wa tablo kama nilivyoufungua mimi, akasoma karatasi ileile niliyoiandika kwa mkono wangu, akaona nafasi palepale nilipoiona. Kila mmoja akaijaza bila kumwambia mwenzake.

Kurasa zilizofuata zote zilikuwa hesabu moja. Kumi na moja na nne, kumi na tano. Mwaka baada ya mwaka. Chini yake: "15. Juu ya sababu gani ilianguka?" Mwaka mwingine amebadilisha ile kumi na moja, ameandika kumi na mbili, amekata. Mwaka mwingine amejumlisha namba zote za mashine, kumi na sita na nne, ishirini kamili, akaandika pembeni: "Hapana. Nilikaa mule chumbani. Ninawajua." Mwaka mwingine: "Iko kitu sikuandika. Kitu gani?" Mwandiko unazidi kutetemeka. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kumi na moja, na nne, na mstari, na chini ya mstari hakuna kitu. Mzee yule aliacha hesabu wazi. Alikuwa anatafuta saba, na saba nilikuwa nayo mimi, Kalima, mwendo wa siku moja kwa pikipiki. Miaka yote hiyo! Nilidhani kimya changu kinamsitiri mtu. Nililia kwa sauti, na wanawake wa masufuria wakadhani ni msiba wa kawaida, wakaniacha.

Aliyekuja kunishika bega alikuwa Zaina. Ana mvi sasa, na wajukuu, na alikuwa amebeba sufuria ya sombe kwa ajili ya hitima. "Nyamaza, yaya, dada yangu," akaniambia. "Umeona jina la mwanangu mule?" Nikamwambia hakuna jina, kuna namba tu. Akakaa chini kando yangu. "Alikuwa anakuja kwangu, huyu mzee. Kila mwaka. Ananiuliza: Zaina, siku ile mama yako alikuwa anafanya nini? Ninamwambia, alikuwa anapika uji. Anauliza: kwa moto wa makala? Ninasema, kwa makala." Akapangusa mfuniko wa sufuria usio na uchafu. "Mama aliniapisha, yaya. Ngozi ya tumbo yake iliungua na ile resho, kovu likabaki mpaka tunamuosha maiti. Alisema: usitaje resho hata siku moja. Ukitaja watamufukuza yule binti wa umeme, na yeye njo alitutunza. Toka siku ile hakukula chakula cha moto tena. Anangoja kinapoa, njo anakula. Alikuwa anasema yeye njo alimuua mujukuu wake."

Nilimtazama Mama Salima, naye alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Kisha nikasema, vibaya vibaya, maneno yakigongana. Nilisema resho niliweka mimi. Nilisema sikuliandika, na kwamba sikukimbilia tablo, nilikimbia kuficha. Nilimwambia Zaina kwamba resho la mama yake peke yake lisingeangusha kitu, kumi na nane zingepita, na kongelateri ya Fundi peke yake isingeangusha kitu. Ilikuwa pamoja, siku ile vyote vilipokutana kuwaka. "Na zile dakika," nikasema, "zile dakika ni zetu, mimi na yeye. Mama yako aling'oa mara moja. Yeye peke yake alifanya kinachotakiwa." Zaina hakuniambia amenisamehe, na sikumuomba. Alikaa muda mrefu akitazama moto wa kuni chini ya sufuria kubwa. Halafu akasema, "Mwandikie. Alikuwa anauliza tu. Mwandikie."

Kalamu ilikuwa bado ndani ya daftari, imebanwa kwenye waya. Chini ya nne yake nikaandika saba. Kando yake nikaandika: resho, chumba cha mashuka, Riziki. Mkono wangu ulikuwa mzito kuliko siku ya mtihani wa diploma. Zaina, ambaye vita vilimkuta kabla hajajua kusoma, alisogeza uso karibu na karatasi. "Yetu njo gani?" Nikakishika kidole chake nikakiweka juu ya saba. Hakukiondoa. Ndani wanaume walikuwa wamemaliza kisomo, wanaitikia amina, na mtu anaita wali uletwe. Mama Salima hakuinuka. "Soma kwa nguvu," akaniambia. "Asikie."

Nikasoma. Kumi na moja. Nne. Saba. Ishirini na mbili.